Alfred Büchi: mutu aliyeipa moteri mapafu ya pili

Kila kamioni yenye turbo inayopita Munigi kuelekea Kibumba na Rutshuru inabeba kazi ya mutu mmoja wa Uswisi ambaye wengi wetu hatujasikia jina lake. Mafundi wakubwa wa moteri dunia nzima wanamjua. Alfred Büchi aliandikisha wazo la turbo mwaka wa 1905, akiwa na miaka 26. Wazo hilo lilikuja kufanya kazi vizuri mwaka wa 1925. Katika ukurasa huu tunasimulia maisha yake, na tunaeleza juu ya nini ile miaka 20 ya katikati inamhusu kila mwenye gari anayefikiria kufungiwa turbo ao kompresa kwenye moteri ambayo haikutengenezwa nayo.

Hewa ya mlimani

Tuanze na jambo ambalo kila dereva wa hapa kwetu analijua bila kulisoma. Gari iliyokuwa na nguvu kule Mombasa ao Dar es Salaam, ikifika huku inapungua. Kwenye mlima inashuka vitesi, inatoa moshi mweusi, na dereva anakanyaga mpaka chini bila kupata kitu. Lawama inaenda kwa mazutu mabaya ao kwa pompi. Mara ingine ni kweli. Lakini kuna sababu ambayo haiko ndani ya gari hata kidogo: ni hewa yenyewe.

Ziwa Kivu liko mita karibu 1,460 juu ya bahari, na Munigi, chini ya Nyiragongo, iko zaidi ya mita 1,500. Kwa urefu huo, hewa iko nyepesi: ukipima kiasi kile kile, uzito wake ni karibu 86 kwa mia ya hewa ya Muanda, kwenye bahari. Sisi tuliozaliwa huku mwili umezoea. Moteri haizoei. Kilo moja ya mazutu inahitaji hewa ya kilo karibu 14 na nusu ili iungue vizuri. Kwa lita moja ya mazutu, hiyo ni zaidi ya lita 10,000 za hewa. Tunahesabu mazutu juu tunayalipia. Hewa hatuihesabu, lakini moteri inakula hewa nyingi kuliko kitu kingine chote.

Moteri ya kawaida inavuta hewa hiyo yenyewe. Pistoni inashuka, nafasi inafunguka juu yake, hewa inaingia. Hakuna anayeisukuma. Hewa ikiwa nyepesi, ile inayoingia inapungua, na nguvu inapungua karibu kwa kiasi hicho hicho: sehemu 14 ao 15 kwa mia zimeshapotea hata kabla gari haijaanza kupanda. Kama pompi inaendelea kutuma mazutu yale yale, yanayokosa hewa yanatoka nyuma kama moshi mweusi.

Dawa yake ni kuisukuma hewa ndani kwa nguvu, na njia ziko mbili. Kompresa inazungushwa na moteri yenyewe, kwa mkanda ao kwa meno ya chuma. Inajibu mara moja, lakini inakula sehemu ya ile nguvu inayoleta. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka, moshi ambao ungetupwa bure. Njia ya kwanza ilikuwa na wazee wake kabla ya Büchi. Ya pili ni ya kwake.

Mtoto wa mji wa viwanda

Alfred Büchi alizaliwa tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka wa 1879, Winterthur, mji wa viwanda karibu na Zurich, kaskazini mwa Uswisi. Baba yake, Johann Büchi, alikuwa mmoja wa wakubwa wa Sulzer, kampuni kubwa ya mashine katika mji huo. Kwa hiyo mambo ya moteri yalikuwa kazi ya nyumbani kwao.

Mwaka huo huo wa 1879, kijana mwingine alifika Sulzer kujifunza kazi ya mikono. Alikuwa Rudolf Diesel. Alikosa mtihani wake wa mwisho huko München juu ya homa ya tumbo, na akiwa anangoja mtihani mwingine, akaja Winterthur kufanya kazi kiwandani. Basi katika mji mmoja, mwaka mmoja, alikuwako yule ambaye angetengeneza moteri ya mazutu, na alizaliwa yule ambaye angeipa pumzi. Hakuna aliyejua.

Moteri ya Diesel ilifanikiwa mwaka wa 1897, katika mji wa Augsburg, Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1898, Sulzer nayo iliwasha moteri yake ya kwanza ya aina hiyo. Büchi alikuwa bado kijana wakati huo. Mwaka wa 1899 akaingia chuo kikuu cha ufundi cha Zurich, akasoma ujenzi wa mashine, akamaliza mwaka wa 1903. Kisha akatoka nchini, akaenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza.

Moto unaotupwa

Huko nje kitu kimoja kilimkaa kichwani: hesabu ya moto. Ukichoma mazutu ndani ya moteri, ni karibu sehemu moja kwa tatu tu ya moto wake inayogeuka nguvu ya kuzungusha magurudumu. Sehemu ingine inaenda kwenye maji ya radiateri. Na sehemu kubwa inatoka na moshi. Mutu yeyote ambaye bomba la moshi la pikipiki limemuunguza mguu anaujua moto huo, na anajua kwamba haurudi tena ndani ya moteri.

Büchi hakuona moshi tu. Aliona upepo wa moto wenye nguvu. Wakati huo turbini za mvuke zilikuwa zimeshajulikana: mvuke unapiga mabawa, mabawa yanazunguka, mti wa katikati unafanya kazi. Basi, kama mvuke unaweza kuzungusha mabawa, moshi wa moteri pia unaweza. Na kwa upande mwingine wa mti ule unaweza kuweka mabawa mengine, yanayovuta hewa safi kutoka nje na kuisukuma kwenye silinda. Moshi unaotoka unaita hewa inayoingia.

Tarehe 16 mwezi wa 11 mwaka wa 1905, alipata Ujerumani hati ya uvumbuzi, ile sisi tunaita breve. Iliandikwa juu ya mashine yenye vitu vitatu vinavyofuatana: kompresa, moteri ya pistoni, na turbini. Historia ya turbo inaanzia hapo.

Wazo la kusukuma hewa halikuwa geni. Huko Marekani, ndugu wawili wa jina la Roots walikuwa na breve ya mashine ya kupuliza hewa tangu mwaka wa 1860, na ilitumika kwenye matanuru ya kuyeyusha chuma. Gottlieb Daimler wa Ujerumani aliandikisha mwaka wa 1885 pompi ya kuingiza hewa kwa nguvu ndani ya moteri. Louis Renault wa Ufaransa alileta ya kwake mwaka wa 1902. Lakini hizi zote zilikuwa kompresa: moteri inalipa nguvu ili ipate nguvu. Büchi alitaka malipo yatoke kwenye kile kilichotupwa.

Miaka ambayo mambo yalikataa

Hapa watu wengi wakisimulia maisha ya mvumbuzi wanaruka. Wanasema aliwaza, akapata breve, akafanikiwa. Kwa Büchi haikuwa hivyo.

Alirudi Uswisi, akafanya kazi Sulzer. Mwaka wa 1911 kampuni ilifungua mahali pa majaribio ya mambo hayo. Alikuwa na kila kitu ambacho fundi anaweza kuomba: kiwanda kikubwa, vyuma vizuri, wasaidizi, jina la baba. Na bado mambo yalikataa. Kompresa za wakati ule zilipoteza nguvu nyingi njiani. Mabawa ya turbini yalikaa ndani ya moshi wa moto mkali sana, na chuma cha wakati ule hakikupenda moto huo. Na kila hewa ilipoongezwa, moteri yenyewe ilipata joto kuliko ile ilizoea.

Mwaka wa 1915, vita kubwa ikiwa inaendelea Ulaya, alitoa turbo ya majaribio kwa ajili ya moteri za ndege. Msomaji wa huku kwetu aangalie sababu yake vizuri, juu ni shida yetu yenyewe. Ndege ikipanda, hewa inakuwa nyepesi, moteri inakosa pumzi. Büchi hakutaka kwanza kuzidisha nguvu ya ndege. Alitaka kuirudishia ile ambayo urefu uliichukua. Lakini turbo hiyo haikuwa ya kutegemewa. Haikuendelea.

Wengine nao walikuwa wanatafuta. Ufaransa, Auguste Rateau alifunga turbo kwenye moteri za ndege wakati wa vita hiyo. Marekani, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alifanya jaribio ambalo linastahili kukumbukwa na kila mutu wa milimani. Mwaka wa 1918 yeye na wenzake walipandisha moteri ya ndege kwa kamioni mpaka juu ya mlima Pikes Peak, mita karibu 4,300. Kwa kulinganisha: ni juu kuliko Nyiragongo yetu yenye mita 3,470, na chini kidogo ya Karisimbi yenye mita 4,507. Moteri hiyo ilikuwa na nguvu ya farasi 350 kule chini. Juu ya mlima, bila turbo, zilibaki farasi 230. Walipofunga turbo, zikarudi farasi 356.

Hesabu hiyo tuiweke kando, tutairudia. Turbo haikugeuza moteri kuwa moteri ingine. Ilirudisha kile mlima uliiba.

Mwaka wa 1925

Vita ikaisha, Büchi akaendelea. Alikuwa na zaidi ya miaka 40. Alichoelewa katika miaka hiyo ndiyo zawadi yake kubwa: shida haikuwa turbo peke yake. Shida ilikuwa namna moteri yote inavyopumua.

Mwaka wa 1925 alipata breve ingine, kwa jina lake mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na mambo mawili yanayoonekana madogo. La kwanza ni mabomba. Moteri haitoi moshi kama mto unaotiririka. Inautoa kwa mapigo, silinda hii, kisha ile. Mapigo yote yakikutana katika bomba moja yanagombana, na moja linazuia lingine. Büchi akagawa mabomba: silinda ambazo hazipumui kwa wakati mmoja zikapewa bomba moja, zingine bomba lingine, na kila pigo likafika kwenye turbini likiwa bado na nguvu yake.

La pili ni supapu. Alifanya supapu ya kuingiza hewa na supapu ya kutoa moshi zikae wazi pamoja kwa muda mfupi. Hapo hewa safi iliyosukumwa na turbo inapita moja kwa moja juu ya pistoni, inafagia moshi uliobaki, na inapoza pistoni, supapu, na hata turbini kule mbele. Hewa ile ile inayoleta nguvu ikafanywa pia dawa ya joto.

Sasa mambo yakakubali. Nguvu ilipanda kwa zaidi ya sehemu 40 kwa mia. Katikati ya miaka hiyo ya 1920, meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungiwa moteri zenye silinda 10 na turbo za mfumo wa Büchi. Moteri hizo zilitoka farasi 1,750 zikafika farasi 2,500. Hazikukaa kwenye chumba cha majaribio. Zilifanya kazi baharini, zikibeba watu.

Mwaka wa 1926 ikaundwa shirika la watatu. Büchi alishika mipango ya ufundi na maongezi na wateja. Kampuni ya Brown Boveri ilitengeneza turbo zenyewe. Kiwanda cha magari ya moshi cha Winterthur kilitoa moteri za kufanyia majaribio. Kutoka hapo turbo ikaenea: kwenye meli, kwenye magari ya moshi, kwenye mashine kubwa za kutoa umeme. Mwaka wa 1938 kampuni ya Saurer, ya Uswisi pia, ilitoa kamioni yenye turbo. Safari ambayo ilianzia kwenye karatasi ya 1905 ikafika barabarani.

Kwa upande wa kompresa, kazi nayo iliendelea. Mwaka wa 1921 Mercedes walionyesha Berlin magari ya kwanza ya kuuzwa yenye kompresa. Katika magari hayo kompresa haikufanya kazi kila wakati. Ilishika tu dereva akikanyaga mpaka mwisho. Hata wao walijua kwamba hewa ya ziada ni kitu cha kutumia kwa kipimo.

Alfred Büchi alikufa Winterthur mwaka wa 1959, akiwa na miaka 80, katika mji ule ule alimozaliwa. Hakuona turbo ndani ya gari ndogo la kuuzwa kwa watu: hayo ya kwanza yalitoka Marekani mwaka wa 1962. Gari ndogo ya mazutu yenye turbo, ya Mercedes, ilikuja mwaka wa 1978. Leo ni vigumu kupata kamioni mpya isiyo nayo.

Na moteri isiyozaliwa na turbo?

Tumefika kwenye swali la garaji. Wako watu hapa wenye gari inayochoka mlimani, na wanasikia kwamba inawezekana kununua turbo ao kompresa, mpya ao iliyotolewa kwenye gari ingine, na kuifunga. Inawezekana, ndiyo. Lakini kwa watu wetu gari mara nyingi ndiyo shamba na ndiyo karo ya watoto. Moteri ikipasuka, nyumba nzima inalala njaa. Kwa hiyo tuangalie maisha ya Büchi yanatuambia nini.

Mfano mzuri uko mbele ya macho yetu kila siku: Toyota Land Cruiser yenye moteri ya 1HZ, ile ya mashirika na ya ambilansi. Ina silinda 6 na lita 4.2, inatumia mazutu, haina turbo. Inapendwa juu haisumbui. Ndani yake hewa inabanwa zaidi ya mara 22. Sasa, Toyota hao hao walipotaka moteri yenye turbo katika ukoo huo huo, ile ya 1HD-T, hawakufunga turbo juu ya 1HZ na kuiacha. Walibadilisha namna mazutu yanavyoingia na kuungua, na wakapunguza kubana mpaka mara 18.6. Juu ya nini? Juu hewa inayotoka kwenye turbo inakuja imeshabanwa. Ukiibana tena mara 22, mgandamizo na joto vinapita kile pistoni na jointi ya kulasi vinaweza kubeba. Wenye kiwanda walifuata njia ya Büchi: ukibadilisha pumzi, unabadilisha na mwili.

Je, basi 1HZ haiwezi kabisa kuongezewa hewa? Inaweza, na sehemu zingine za dunia mafundi wanafanya hivyo tangu zamani. Ila wanaofanikiwa wanatumia mgandamizo mdogo, chini ya bar 1, wanaweka kipimo cha joto kwenye bomba la moshi, na hawafungui pompi ya mazutu ovyo. Wanaoharibu ni wale wanaotafuta kukimbia.

Na hapa turudie ile hesabu ya Pikes Peak. Kati ya Muanda na Munigi, hewa inapoteza mgandamizo wa karibu bar 0.17. Maana yake, bar 0.2 ao zaidi kidogo zinatosha kurudisha kile mlima uliiba. Moteri inapata tena hewa ambayo ilitengenezwa kwa ajili yake, haiombwi kitu kigeni. Moshi mweusi unapungua kwa sababu mazutu yale yale sasa yanapata hewa ya kutosha. Mutu anayeomba hivyo anaomba kitu cha busara. Mutu anayeomba bar 1 kwenye moteri ya zamani anaomba kile ambacho Büchi hakukipata kwa miaka 20, akiwa na kiwanda kizima nyuma yake.

Kwa magari ya esansi hatari ni ingine. Hewa ikibanwa inapata joto. Ikiingia kwenye moteri ambayo inabana sana, pamoja na esansi dhaifu, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni inapigwa kama kwa nyundo. Mafundi wanasikia mlio wake. Kompresa inayofungwa kwa mkanda kwenye gari ndogo inataka esansi nzuri kila siku, na wengi wetu tunanunua kwa kadafi, barabarani, bila kujua imechanganywa na nini. Kama huwezi kuwa na hakika na esansi yako, usifunge kompresa.

Yako mambo mengine matatu ya huku kwetu. Ardhi ya Munigi ni lava iliyosagika. Vumbi yake nyeusi ni kali kama kioo, na mabawa ya turbo yanazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Filtri ya hewa yenye tundu, ao bomba lisilofungwa vizuri kati ya filtri na turbo, linaiua turbo, na baadaye moteri yote. Ambaye hana franka za filtri nzuri, bado hajawa na feza za turbo.

Jambo la pili ni mafuta ya moteri. Mti wa turbo hauna kitu kingine cha kuulinda isipokuwa mafuta hayo. Yakiwa ya zamani ao yakipungua, unasagika. Na ukifika kutoka kupanda mlima, usizime mara moja. Iache moteri izunguke polepole dakika moja ao mbili, turbo ipoe. Ukizima kwa haraka, mafuta yanaungua ndani yake na kuwa kama makaa.

La tatu ni kurudi. Turbo inasaidia kupanda Kibumba. Haisaidii kushuka na magunia ya viazi na kabichi mpaka Goma. Gari iliyoongezewa nguvu bila kuangaliwa freni inapandisha mzigo mkubwa zaidi kuliko ule inaweza kuzuia. Kabla ya kulipia turbo, lipia freni.

Kwa anayetaka kwenda mbele na kazi hiyo, maswali ya kumuuliza fundi ni machache. Atasukuma bar ngapi, na atazipima kwa kipimo gani? Joto la moshi litaonekana wapi? Mafuta ya turbo yatatoka wapi na kurudi wapi? Mabomba ya hewa yatapita wapi mpaka kwenye filtri? Fundi anayeijua kazi hatakasirika ukimuuliza. Atakaa chini, atachora. Büchi naye alianza na mchoro, na alikubali kuufuta na kuuchora tena mpaka moteri ikakubali kupumua.